Je, wajua kwa nini mtangazaji aliyewaita watu barabarani kwa redio hakuwahi kuwa rais?

Jumamosi, 24 Aprili 1965, mchana, wakazi wa Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, walikuwa wakisikiliza Tribuna Democrática, kipindi cha redio cha PRD, chama cha siasa cha Juan Bosch. Mtangazaji alikuwa kijana wa miaka 28, José Francisco Peña Gómez. Siku hiyo alikuwa na habari moja tu: mnadhimu mkuu wa jeshi amekamatwa na wanajeshi wanaotaka Juan Bosch arudishwe madarakani. Akawaambia wasikilizaji watoke nje. Wakatoka.

Bosch aliapishwa kuwa rais Februari 1963, na Septemba mwaka huohuo akapinduliwa. Hakufikisha hata miezi minane. Tangazo lile la redio halikuzua uasi, maana kambini ulikuwa umeshaanza. Liliutoa kambini na kuuweka mikononi mwa raia. Siku nne baadaye Rais Lyndon Johnson wa Marekani akaanza kushusha askari wake, hadi wakapita 20,000, kwa hofu ya kuzaliwa Cuba ya pili. Bosch hakurudishwa. Uchaguzi wa 1966 ukampa urais Joaquín Balaguer, mtu aliyemtumikia dikteta Rafael Trujillo tangu miaka ya 1930. Mshike huyo Balaguer, tutakutana naye tena.

Sasa, mtu mwenye sauti ya namna hiyo alishindwaje kuingia Ikulu? Jibu linaanza kabla hajajua kusema.

Peña Gómez alizaliwa Machi 1937 kaskazini magharibi mwa nchi, na wazazi wenye asili ya Haiti. Oktoba mwaka huo Trujillo aliamuru Wahaiti waishio karibu na mpaka wauawe, na maelfu wakauawa. Inasimuliwa kwamba askari waliwashikia watu shada la majani ya kiungo na kuwauliza yanaitwaje. Kwa Kihispania ni perejil. Aliyekulia Krioli ya Haiti, ile r na ile j inayokwaruza kooni vilimshinda, na ulimi ukamsaliti. Sisi huchekana tu mtu akisema amekwenda “kupiga kula”. Kule, herufi moja iliweza kuwa kifo.

Mtoto wa miezi saba alinusurika. Akalelewa na familia ya wakulima wa Kidominika iliyompa majina yake yote mawili, Peña la baba mlezi na Gómez la mama mlezi. Kinachonishangaza mimi ni hiki: mtoto aliyeponea chupuchupu katika msako wa matamshi alikua akapata riziki kwa kutamka Kihispania redioni. Alijifunza utangazaji mjini, na Trujillo alipouawa Mei 1961 na PRD kurudi kutoka uhamishoni, akajiunga nacho. Katika nchi ambako wengi hawakujua kusoma, redio ndiyo iliyokuwa gazeti na mkutano wa hadhara kwa pamoja. Chama kilimhitaji kuliko alivyokihitaji.

Bosch alipojitoa PRD mwaka 1973, Peña Gómez ndiye aliyebaki akikishika chama. Kikashinda urais 1978, kikashinda tena 1982, lakini mara zote mbili kiti kilikaliwa na mwingine. Yeye alipata umeya wa Santo Domingo, 1982 hadi 1986.

Zamu yake ilipofika, ukoo wake ukageuzwa hoja. Akigombea mwaka 1990, akawa wa tatu. Mwaka 1994 tangazo moja la televisheni lilionyesha ramani ya kisiwa ambacho nchi hizo mbili zinagawana, Haiti ikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea na Dominika ya kijani, kisha kahawia ile ikaimeza kijani. Jina la mtu halikuwa na haja ya kutajwa. Matokeo rasmi yakampa Balaguer ushindi kwa pengo lisilofika asilimia 1, huku maelfu ya wapiga kura wakikuta majina yao hayamo daftarini. Kelele zikawa kubwa hadi Balaguer akakubali muhula wake ukatwe uwe wa miaka 2, na katiba ikabadilishwa: asiyepata zaidi ya nusu ya kura aende duru ya pili.

Hapo ndipo penye uchungu. Mei 1996 Peña Gómez aliongoza kwa karibu asilimia 46, dhidi ya 39 za mpinzani wake, Leonel Fernández. Kwa sheria ya zamani, hiyo ilitosha kumwapisha. Kwa sheria iliyozaliwa na wizi aliolalamikia yeye mwenyewe, haikutosha. Balaguer, karibu miaka 90 na macho hayaoni, akamuunga mkono Fernández, na hata Bosch, yule ambaye Peña Gómez alimpigania redioni, akasimama upande huo. Fernández alishinda kwa asilimia 51 na kidogo.

Peña Gómez alifariki kwa saratani ya kongosho tarehe 10 Mei 1998, akiwa mgombea umeya tena, siku 6 kabla ya uchaguzi ambao PRD ilizoa viti vingi. Uwanja mkuu wa ndege wa Santo Domingo sasa umeandikwa jina lake kwa ukamilifu, pamoja na Peña na Gómez za wale wakulima.