Kameo yenye sura ya Kigiriki si lazima iwe ya kale

Watu wengi wakiona kameo, ile brochi ya kichwa cheupe kimechongwa juu ya rangi nyeusi au kahawia, labda Medusa yule mwenye nywele za nyoka, labda Zeus mungu mkuu wa Wagiriki, basi washamaliza, hii ya enzi za Warumi, ina miaka elfu mbili. Hapana jamani. Nyingi mno zimechongwa miaka ya 1700 na 1800 Ulaya ilipopata kichaa cha mambo ya kale, tena hizo za 1800 nyingi sio hata jiwe, ni kombe la bahari lililochongwa Torre del Greco karibu na Naples, na makombe mengine yalitoka pwani yetu hii hii ya Afrika Mashariki.

Na saini isikudanganye. Stanisław Poniatowski, mtoto wa kaka yake mfalme wa mwisho wa Poland, alikuwa na mawe ya kuchongwa kama 2,500 hivi, mengi yana majina ya mafundi wa kale kama Pyrgoteles aliyekuwa fundi wa Alexander Mkuu, watu wakayasifia weee, kumbe mwenyewe ndo aliwaagiza mafundi wa Roma wa wakati wake wachonge na majina waweke. Akafa 1833, mnada ukaja kufanyika Christie's London 1839, minong'ono ishasambaa, bei zikaanguka vibaya. Kinachochekesha kazi yenyewe ni safi ajabu, mi naona yalionewa tu, na siku hizi wataalamu wa Oxford ndo wanayasaka yalikotawanyika.