Kauli ya kutendwa katika Kinorwe: lini -s, lini bli

Pakiti za dawa nchini Norwe huandikwa maneno haya: *Oppbevares utilgjengelig for barn*. Sisi tungesema "Weka mbali na watoto", amri moja kwa moja. Mnorwe hamwamuru mtu. Anasema dawa huwekwa mahali ambapo watoto hawafiki, basi.

Hiyo -s ya mwisho wa *oppbevares* ndiyo kauli ya kutendwa ambayo mgeni hukutana nayo kwanza. Kitenzi *selge*, kuuza, kinakuwa *selges*. *Holde*, kushika, kinakuwa *holdes*. Ile r ya wakati uliopo inadondoka, kwa hiyo *selgers* ni kosa. Kazi yake kubwa ni kanuni, maelekezo na matangazo, na hupendwa sana baada ya vitenzi visaidizi *kan* (kuweza), *må* (kulazimika), *skal* (kutakiwa) na *bør* (kupaswa). *Skjemaet må fylles ut*: fomu lazima ijazwe. *Hunder skal holdes i bånd*: mbwa wafungwe kamba, jambo ambalo ni sheria ya nchi nzima kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 20 Agosti.

Tukio likishatokea, -s huachwa na kitenzi kisaidizi *bli* huingia, ambacho wakati uliopita ni *ble*. *Bilen ble stjålet i går*, gari liliibwa jana. Ukitaka kumtaja mtendaji unatumia *av*, kama sisi tunavyotumia "na": *Bilen ble stjålet av to menn*, gari liliibwa na wanaume wawili. Vitenzi vyenye -s ya wakati uliopita ni vichache.

Panapowasumbua zaidi wasemaji wa Kiswahili ni hapa. "Mlango umefungwa" kwetu hubeba mambo mawili: kuna mtu ameufunga, au tumeukuta hivyo tu. Kinorwe kinakudai uchague. *Døra ble stengt* ni kitendo cha kuufunga. *Døra er stengt* ni hali ya mlango ulivyo. Ukienda dukani ukakuta kibao cha *stengt*, hali ndiyo unayoambiwa.

Si kila -s ni ya kutendwa, lakini. *Vi ses* ni "tutaonana", na *vi møtes* ni "tunakutana". Hiyo ni kazi ya -an- yetu. *Finnes* (kuwapo), *synes* (kuonelea) na *trives* (kustawi) zimeshakuwa vitenzi vyenye maana zao, zikaririwe zilivyo.

Kuna sehemu ambayo Mswahili huipata upesi. *Her snakkes det norsk* ni "hapa panazungumzwa Kinorwe", na *det ble danset hele natta* ni "palichezwa usiku kucha". Hiyo *det* isiyomtaja mtu inasimama pale pale pa "pa-" yetu. Hata "nilitumiwa barua" ina mwenzake: *jeg fikk tilsendt et brev*, kwa kitenzi *få*, kupata.

Anayesoma Nynorsk, ile namna ya pili ya kuandika Kinorwe, atakuta *-ast* badala ya -s, na karibu kila mara baada ya vitenzi kama *må* na *kan*: *Skjemaet må fyllast ut*. Kwingineko hutumika *bli* au *verte*.

Barua za ofisi ni habari nyingine. *Søknaden vil bli behandlet*, ombi litashughulikiwa. Na nani? Sentensi haisemi, na kwa maoni yetu mwombaji anastahili kuambiwa. Sheria ya lugha iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 inazitaka taasisi za umma ziandike kwa lugha inayoeleweka, na Språkrådet, baraza la lugha la Norwe, linashauri waandishi watumie *vi*, sisi, na *du*, wewe: *Vi behandler søknaden din*, tunashughulikia ombi lako. Mtindo wa zamani bado upo kwenye barua nyingi. Ukikutana na *Dokumentasjon må leveres innen fristen*, usikae ukisubiri ofisi: anayetakiwa kupeleka hati hizo kabla ya tarehe ya mwisho, mara nyingi, ni wewe uliyeandikiwa.