Mbwa wa vita, kazi yake kubwa ni pua sio meno

Ukitaja mbwa wa jeshi watu wengi wanawaza meno, yaani kaletwa ang'ate adui basi. Sisi tunaotibu na kufundisha hawa mbwa tunaulizwa sana kama kazi yake ni kung'ata, na ukweli ni kwamba kung'ata ni sehemu ndogo, kazi ni kunusa. Pua yake ina chembe za kunasa harufu zaidi ya milioni 200, binadamu tunazo kama milioni 5 au 6 hivi, sasa hapo utashindana naye wapi.

Chukua Lucca, jike mchanganyiko wa jemani shepadi na Malinois (mbwa mchungaji wa Ubelgiji), alikuwa kwenye kikosi cha Marine, wanamaji wa Marekani. Kapita Iraki kapita Afghanistan, doria zaidi ya 400, na katika hizo doria hakuna askari aliyeuawa. Machi 2012 huko Helmand, jimbo la Afghanistan, akanusa bomu la kama kilo 14 lililofukiwa, akalionyesha, akaendelea kutafuta mengine na hilo la pili ndo likamlipukia. Askari wake Juan Rodriguez akamkimbilia, akamfunga mguu kuzuia damu, akambeba. Mguu wa mbele wa kushoto ukakatwa. 2016 akavishwa Dickin Medal, nishani ya wanyama wa vitani ambayo PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, linaitoa tangu 1943. (Shirika hilohilo 2020 lilimpa medali ya dhahabu Magawa, yule panya wa kwetu aliyefundishwa Morogoro akaenda kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini Kambodia, panya ana faida kwamba uzito wake haulipui bomu.)

Sasa mbwa hajui bomu ni nini jamani. Anachojua ni kwamba akikuta ile harufu akakaa au akalala chini bila kuparua, mpira wake unatoka mfukoni kwa askari, kwake ni mchezo tu. Kwahiyo mimi ushujaa naugawa, nusu namwachia yule askari anayekanyaga nyuma yake kwa kuamini pua ya mwenzake. Na ile pua inachoka, mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi na akihema sana hanusi vizuri, ndo maana kwenye jua kali lazima apewe maji na apumzike hata kama kamanda ana haraka.

Kinachoniuma mimi ni vita vya Vietnam. Marekani ilipeleka mbwa kama 4,000 na wachache sana ndo walirudi, wengine waliachwa au wakauawa kwa sindano, sababu kwenye vitabu vya jeshi walihesabiwa kama vifaa, sawa na hema au redio. Mpaka mwaka 2000 ndo ikapitishwa sheria ya kuruhusu mbwa aliyestaafu achukuliwe na askari wake au familia. Lucca mwenyewe alichukuliwa na Chris Willingham, askari wake wa kwanza.

Siku hizi madaktari wa jeshi wanawapima mpaka msongo wa vita. Mbwa aliyekuwa anaruka kwenye gari mwenyewe unakuta kajificha chini yake, anagoma kuingia kwenye jengo, anashtuka mlango ukibamizwa. Anapumzishwa, anapewa dawa, anafundishwa upya taratibu, wengine wanarudi kazini na wengine inabidi wastaafishwe.