Karo lisilojaa lina kasoro

"Karo langu la choo lina miaka kumi na mbili, halijawahi kunyonywa na gari hata siku moja." Mjomba aliniambia hivyo nyumbani kwake Ipogoro, Iringa, kwa sauti ya mtu anayesifia ng'ombe wa maziwa. Tulikuwa tumesimama juu ya mfuniko wenyewe. Chini yetu kulikuwa na kisima cha jirani, kisha mahindi, kisha mto Ruaha Mdogo.

Sifa hiyo utaisikia Kihesa, Uyole, Tukuyu na Makambako. Karo lisilojaa ndilo zuri, na fundi aliyelijenga hupata kazi mtaa mzima. Lakini piga hesabu. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia ndoo tatu za lita 20 kwa siku, inatoa lita 360. Kwa mwaka ni zaidi ya lita laki moja na thelathini elfu. Zimekwenda wapi?

Karo lililojengwa sawasawa lina sakafu ya zege na kuta zilizopigwa plasta. Uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanatokea kwenye bomba la T kwenda shimo la kunyonyea, ambako ardhi inayanywa. Maji ndiyo yanayotoka. Tope linabaki, na kila baada ya miaka michache lazima linyonywe. Kwa hiyo karo ambalo miaka kumi na mbili halina tope la kunyonya halina chini. Nilimuuliza mjomba kama fundi alimwaga zege sakafuni. "Aliacha wazi," akasema, "ili ardhi inywe. Mifuko mitano ya saruji iliokolewa pale."

"Udongo unachuja kila kitu"

Unachuja, tena vizuri, ukiwa mkavu na wa kutosha kati ya shimo na maji ya ardhini. Shida huku kwetu ni msimu. Watu wanachimba Agosti na Septemba, udongo ukiwa mkavu na vibarua wakipatikana. Shimo linaonekana kavu mpaka chini, kila mtu anaridhika. Mvua zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na maji ya ardhini yanapanda. Machi mwaka huu nilishusha kamba yenye jiwe kwenye kisima cha jirani wa mjomba: maji yalikuwa karibu mita mbili kutoka juu. Shimo la mjomba lina kina cha mita tatu na nusu. Maana yake ni kwamba wakati ule huenda karo na kisima vilikuwa vinaoga pamoja.

Kuna pia suala la mwamba. Iringa mjini umekaa juu ya mawe ya matale. Anayelijua jiwe kubwa la Gangilonga hahitaji maelezo. Maji machafu yakipata ufa kwenye mwamba hayachujwi, yanakimbia. Ndiyo maana kile kipimo cha mita 30 kati ya choo na kisima, ambacho mafundi wengi wanakijua, ni cha kuanzia tu. Kwenye mwamba wenye nyufa, au ikiwa kisima kiko upande wa chini wa mteremko, ongeza.

Na wanaosema "tutachemsha": kuchemsha kunaua vijidudu, ila hakuondoi naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na mkojo. Maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, kwa kuwa damu yake inashindwa kubeba oksijeni vizuri.

"Mita sitini ni za viwanda na mahoteli"

Hapa ndipo watu wanapokasirika, na ninawaelewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda vyanzo vya maji kwa umbali huo huo. Haijaandikwa kwamba mwenye nyumba ya vyumba vitatu hahusiki, na karo la matofali na zege ni la kudumu kuliko vitu vingi tunavyojenga. Hati ya kiwanja nayo haiifuti sheria hiyo.

Mjomba alipima kwa hatua kutoka karoni mpaka ukingoni: hamsini na mbili. Akasema hatua zake ni ndefu.

Wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wanajua ugumu wa jambo hili. Bonde ndilo linalolisha kiangazi, na kiwanja cha bondeni ndicho rahisi kununua. Lakini uchafu haubaki bondeni. Wa Iringa unaingia Ruaha Mdogo, kisha Ruaha Mkuu, mpaka bwawa la Mtera. Kote huko kuna watu wanaochota.

Wengine wanadhani sheria ndogo za halmashauri ni za ushuru wa soko tu. Halmashauri inaweza kutunga za usafi na majitaka, na hata serikali ya kijiji inaweza kutunga za kulinda chemchemi yake, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Ukitaka kujua za kwako, anza kwa afisa afya wa kata kabla ya kuchimba. Ofisi za mabonde ya maji nazo haziko mbali: ya bonde la Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu.

"Hamira inamaliza tope", "mvua itabeba"

Hamira haimalizi tope. Vijidudu vya kuozesha vimo tayari kwenye kinyesi. Na kufungulia karo mtaroni usiku wa mvua kubwa ni kumwagia kinyesi jirani wa chini. Sina lugha laini zaidi ya hiyo.

Tulifungua mfuniko wa mjomba, tukasimama mbali kidogo maana hewa ya humo inaua, na hatukumruhusu kijana yeyote kushuka. Tukazamisha mti mrefu. Ulitoka na unyevu wa shubiri moja.

Sasa anataka kujenga jipya, lenye sakafu, upande wa juu karibu na barabara. Juzi alinipigia kuuliza mpira wa gari la majitaka una urefu gani, kwa sababu kati ya barabara na pale alipochagua kuna jiko la mke wake, na mkewe amesema jiko halihami.