Kizazi kushuka na mkojo kuvuja: muulize mama yako

Kliniki kwetu tuna swali moja ambalo wagonjwa wengi hulijibu kwa kusitasita: "Mama yako aliwahi kushuka kizazi?" Wengi husema hawajui, maana mama na binti hawazungumzi mambo hayo. Kisha mmoja hukumbuka kwamba mama yake hakusafiri bila kipande cha kanga cha akiba ndani ya mkoba, au kwamba bibi aliacha ghafla kwenda harusini. Kwetu sisi, hayo ni majibu.

Kibofu cha mkojo, kizazi na mwisho wa utumbo mpana vimekaa kwenye nyonga kama watu waliolala kwenye kitanda cha kamba. Mbao ni mifupa, kamba ni kano na tando zinazoshikilia, na chini yake kuna misuli, yaani sakafu ya nyonga, inayobeba uzito kama nguzo. Kamba zikilegea, mrija wa mkojo hukosa pa kuegemea. Mama akikohoa, akicheka au akijitwika ndoo, mkojo unamponyoka. Zikilegea zaidi, kizazi au kibofu hushuka, na akichuchumaa anahisi kitu kama yai ukeni.

Hali hii ni tofauti na fistula. Fistula ya uzazi ni tundu linalotokana na uchungu uliokwama muda mrefu, mkojo hutiririka usiku na mchana, na hairithiwi. Anayeona dalili hiyo aende hospitali mapema, inatibika kwa upasuaji.

Kuzaa kwa njia ya kawaida ni sababu kubwa ya sakafu ya nyonga kulegea, na hakuna anayebisha. Lakini mbona mmoja amezaa saba na yuko imara, na jirani yake amezaa mmoja tu na kibofu kimeshuka? Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya kulinganisha wanawake pacha wanaofanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, na pacha wasiofanana. Walikuta kwamba takriban asilimia 40 ya tofauti kati ya wanawake, kwa mkojo kuvuja na kwa viungo kushuka, inaelezwa na vinasaba. Hii haina maana kwamba wanawake 40 katika kila 100 wataugua. Maana yake ni kwamba aina ya kamba tuliyozaliwa nayo ina uzito mkubwa.

Huko Rochester, Marekani, mwaka 2005 walilinganishwa ndugu wa kike jozi 143 waliokwisha kukoma hedhi, mmoja hajawahi kuzaa na mwenzake amezaa. Mkojo uliwavuja karibu nusu ya kila kundi. Kila ninapowasimulia wanafunzi wangu utafiti huu, darasa hunyamaza.

Panya nao wametufundisha jambo. Wapo waliokosa jeni ya LOXL1, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha kuunganisha nyuzi za elastini, zile zinazovutika na kurudi kama mpira. Walipozaa, nyuzi zao hazikujijenga upya, na viungo vikashuka. Uzazi hunyoosha kamba za kila mama. Urithi una sehemu yake katika namna zinavyorudi.

Kwa binadamu hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Uchunguzi wa mwaka 2020 wa wanawake zaidi ya 15,000 wa Iceland na Uingereza walioshuka viungo vya nyonga ulipata tofauti nane za vinasaba, kila moja ikiwa na mchango mdogo. Ndiyo maana hatuna kipimo cha damu cha kukutabiria. Tunauliza historia: mama, dada, ngiri, viungo vinavyokunjika kupita kawaida. Mwenye mama au dada aliyeshuka viungo vya nyonga ana uwezekano wa kama mara mbili na nusu wa kupata hali hiyo.

Nasema haya kwa sababu wanawake wanaumia kwa lawama. Wanaambiwa hawakufungwa mkaja vizuri, au waliinuka kitandani mapema. Mkaja hufunga tumbo, haufiki kwenye misuli iliyo chini ya kibofu.

Misuli hiyo hufikiwa kwa mazoezi aliyoyaeleza daktari Arnold Kegel mwaka 1948. Kaza kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana pumzi wala makalio. Hesabu polepole hadi tano, legeza kwa muda uleule, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Usiyafanye wakati unakojoa. Hayabadilishi kamba, yanaimarisha nguzo, na yakianza mapema katika ujauzito hupunguza mkojo kuvuja baada ya kujifungua. Tibu pia kikohozi sugu na choo kigumu. Ikibidi ipo pesari, kifaa laini mfano wa pete kinachowekwa ukeni kushikilia viungo, na upo upasuaji.

Ukiwa mjamzito, hudhurio la kwanza mwambie mkunga: "Mama yangu alishuka kizazi." Asipouliza, sema wewe.