Anza na kisigino

"Sista, hayo makao ya wazee ni mazuri kweli?" Swali hili naulizwa sana, hasa na watu walio Nairobi au ng'ambo huku mzazi akiwa amebaki Nakuru au Kisumu. Wengine hunitumia na picha: vigae vinang'aa, mapazia yamepigwa pasi. Huwa nawajibu kwamba hapo nimemsifu fundi wa vigae.

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu siku hizi ni kukagua matunzo katika makao ya wazee. Tangu daktari Avedis Donabedian aandike makala yake kuhusu ubora wa matibabu mwaka 1966, wengi wetu hutazama ubora kwa mafungu matatu: vilivyopo, yanayofanywa, na yanayompata mgonjwa. Makao mengi yatakutembeza kwenye fungu la kwanza hadi miguu ikuume. Mimi huanzia mwisho. Namsalimu shosho, namwomba ruhusa, kisha nafunua blanketi upande wa miguuni.

Mtu asiyeweza kujigeuza hubanwa ngozi kati ya mfupa na godoro. Damu haipiti, na ngozi inaanza kufa. Tulifundishwa kutafuta wekundu, kubonyeza kwa kidole na kuachilia. Pasipogeuka peupe, kidonda kimeanza. Somo hilo lilitungwa kwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi zetu wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Kwa hiyo natumia mgongo wa mkono, nalinganisha visigino viwili: kipi kina joto zaidi, kipi kimekuwa kigumu au tepetepe, wapi rangi imekoza kuliko pembeni. Mzee akisema panauma, namwamini yeye kabla ya macho yangu. Kisha nyonga, kisha pale uti wa mgongo unapoishia.

Chati ya kugeuza, ile inayojazwa kila mzee anapogeuzwa, naiomba baadaye. Kuna mahali nilipewa chati saa nne asubuhi, nayo ilikuwa imeshajazwa hadi saa kumi jioni! Kalamu moja, mwandiko mmoja. Binti aliyeijaza hakuwa mvivu. Alikuwa amekesha peke yake na wazee 19, na aliyepaswa kumpokea alikuwa hajafika. Hebu piga hesabu: wakiwa saba tu wasioweza kujigeuza, na kila mmoja achukue dakika kumi pamoja na kubadilishwa pampasi, hizo ni dakika 70 katika kila mzunguko wa saa mbili wa kuwageuza, kabla hujaitwa na mtu mwingine yeyote. Wengine hawageuziki bila watu wawili. Kwa hiyo ukienda kutazama makao, muulize mwenye makao usiku wanabaki walezi wangapi, halafu umuulize mlinzi wa geti swali lilo hilo.

Uzito nao unasema mengi. Shosho wa kilo 50 akifika kilo 47.5 ndani ya mwezi, hiyo ni asilimia 5, na daktari aitwe. Asiyeweza kusimama kwenye mizani nampima shavu la mguu kwa utepe wa fundi cherehani. Chini ya sentimita 31, misuli inakwisha.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima. Heshima hiyo mimi huitafuta chooni: mlango unafungwa, au anasaidiwa mbele ya wapita njia?

Lililonifunza zaidi lilikuwa kikombe. Katika makao fulani hapa Nakuru kulikuwa na mama mmoja Mjaluo, kiharusi kimempoozesha upande wa kulia. Rejista ya maji iliandikwa siku nne mfululizo: "Amekataa." Midomo imekauka, mkojo umekolea kama chai ya rangi. Nilikaa kando yake nusu saa bila kuandika chochote. Alikuwa akirudia neno moja, "pi, pi," na mlezi akaniambia ananung'unika tu, ndiyo tabia yake. Pi ni maji. Kikombe kilikuwepo, kimejaa pomoni, juu ya meza iliyo upande wake wa kulia.

Nilirudi baada ya wiki mbili bila kupiga simu. Meza ilikuwa imehamia kushoto. Kikombe kilikuwa kitupu, na mlezi yuleyule, aliponiona nakitazama, akasema, "Hicho ni cha tatu leo, Sista."