Si lazima babu awe alishika bunduki

Wengi huamini kwamba Daughters of the American Revolution, chama cha wanawake kilichoanzishwa Washington mwaka 1890, hupokea wazao wa wanajeshi wa vita vya uhuru wa Marekani pekee. Sivyo. Babu aliyewapa wapiganaji ng'ombe au nafaka, bibi aliyeuguza majeruhi, hata aliyelipa kodi ya kugharimia vita dhidi ya Uingereza, anatosha. Kazi ngumu ni ushahidi: kila kizazi kithibitishwe kwa hati.

Wala si chama cha Wazungu tu, ingawa dhana hiyo ina chanzo cha kweli, tena kinachouma: mwaka 1939 kilimnyima mwimbaji Mweusi Marian Anderson ukumbi wake, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, akajiuzulu uanachama. Mwaka 1977 kilimpokea Karen Batchelor, mwanamke Mweusi kutoka Detroit.